Sauti ya Kabula Chini ya Hitma

Kabula alizikwa Jumanne iliyopita huko Lusu, na mimi nimerudi Tabora jana, vumbi la Nzega bado limo kwenye viatu vyangu. Mke wangu amenikuta asubuhi hii nimekaa na daftari, chai inapoa, akaniuliza naandika nini. Nikamwambia naandika habari za Santuri za Nyuki. Akacheka. "Nani atazisoma, Saidi? Waliozipiga wamekufa, na waliozisikiliza hawasikii tena." Ni kweli, na mimi mwenyewe sikio la kushoto limekwisha niaga. Lakini kuna mwaka mmoja nisipouandika nitaondoka nao. Sitasimulia nilikozaliwa wala wazazi wangu walikuwa nani. Walikuwa watu wema, na hawamo katika kosa hili. Nitaanza nikiwa na miaka ishirini na minne, mshika mtambo wa kurekodia katika chumba cha mbele cha nyumba moja ya Gongoni, hapa Tabora, mwaka ule nilipofuta sauti ya mwanamke kisha nikamwambia kwamba haikuwa nzuri.

Nyumba ilikuwa ya Fundi Athumani, aliyetengeneza redio za nusu ya mji. Chumba chake cha mbele kilikuwa na dirisha moja, akaliziba kwa magodoro mawili ya sufi, na kuta akazitundikia mablanketi mazito mpaka ukiingia unahisi umefungwa ndani ya gunia. Jirani yetu wa kulia alikuwa na mashine ya kusaga, nayo ikinguruma hata vijiko vya jikoni vilicheza. Kwa hiyo kazi yote ya Santuri za Nyuki ilifanyika katika nafasi moja tu: mwenye mashine akienda kuswali adhuhuri, halafu akapitiliza kula. Tulikuwa na saa moja, siku njema saa moja na robo. Wapiga magitaa walikuja mapema, wakakaa barazani na vyombo magotini, masikio yakiisikilizia mashine. Ikikata tu, wote ndani, mlango unafungwa, jasho linaanza. Mara nyingi wimbo uliharibika mwishoni kwa sababu jirani alikuta mboga haijaiva akarudi kusaga. Bi Zuhura, mke wa Fundi, alilijua hilo, akawa anampelekea jirani bakuli la mlenda kila siku ya kurekodi ili asiharakishe kuondoka mezani. Nadhani wimbo wetu wa tatu tulioutoa, ule mrefu, ulitoka kwa hisani ya mlenda.

Miaka ile wakubwa walikuwa wanasema muziki wa soul ni wa kigeni, unapoteza vijana. Fundi aliupenda kupita kiasi. Alikuwa na santuri chache za Wamarekani weusi alizoletewa na mtu wa reli, zimechakaa hata sindano ilikuwa inaruka, na alipozisikiliza alikunja uso kama anayeumwa jino. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna cha kigeni mle. "Sikiliza hilo besi," aliniambia, akigonga meza kwa kifundo cha kidole. "Huyo ni mtu anatembea na mzigo. Babu zetu walitembea hivyo kutoka hapa mpaka Bagamoyo, na kutoka hapa mpaka Ujiji. Walipelekwa ng'ambo pamoja na hiyo miguu yao, leo inarudi, sisi tunaambiwa ni wageni?" Ndipo alipoanzisha lebo yake: karatasi ya manjano katikati ya santuri, nyuki amechorwa kwa wino mweusi, kwa kuwa mji wetu unajulikana kwa asali. Tulirekodi Gongoni, tepu ikaenda Nairobi kupigwa santuri, zikarudi kwa treni ndani ya masanduku ya mbao. Tulitoa santuri nane tu. Mwaka jana alikuja kijana kutoka Dar, mstaarabu, na simu yake ya kurekodia, anasema anaandika historia ya lebo. "Mzee, hizi ngoma ni moto, watu wanazisaka mpaka Ulaya," akaniambia. Akaniuliza kama kuna wimbo uliorekodiwa na haukutoka. Nikamjibu hakuna. Nilimjibu haraka, kabla hajamaliza kuuliza.

Kabula alikuwa mfuaji wa mashuka pale hospitalini Kitete. Alikuwa ananizidi mwaka mmoja au miwili, mrefu, mikono imepauka kwa sabuni, na hakuwa na haya hata kidogo. Alikuja siku moja na redio ya muuguzi mkuu iliyokufa, akaiweka juu ya meza, akasema, "Shikamoo fundi. Hii nimetumwa. Lakini nimesikia hapa mnarekodi watu. Mimi naimba." Fundi aliitika marahaba bila kuinua kichwa, akamwuliza anaimba kwaya ya wapi. "Siimbi kwaya. Walinitoa. Wanasema nazamisha wenzangu." Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma wakati ule, lakini aliimba hivyo hivyo, amesimama, mkono mmoja juu ya redio ya watu. Ulikuwa wimbo wa babu yake aliyekuwa mpagazi, wimbo wa kuomba kutuliwa mzigo, nusu Kinyamwezi nusu Kiswahili cha zamani. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, na katikati ilikuwa na mkwaruzo, kama mlango wa mbao unaosukumwa taratibu. Fundi aliweka chini bisibisi. Alipomaliza, Fundi hakumsifu, alimwuliza tu: "Ijumaa unapumzika?" Akajibu Ijumaa anafua, Alhamisi ndiyo anapumzika. "Basi Alhamisi."

Alhamisi zile tatu ndizo siku nilizoishi kweli, na ninajua ni jambo la aibu kwa mtu mwenye wajukuu kusema hivyo. Mpiga besi wetu alikuwa karani wa stesheni, mtu mkimya sana. Alimsikiliza Kabula mara moja, akaanza kutembea na ule wimbo, hatua kwa hatua, na yule wa dramu akaingia nyuma yake. Ikawa fanki, lakini fanki yenye vumbi la njia yetu. Mara ya tatu, Alhamisi ya mwisho, kila kitu kilikaa. Mashine ilinyamaza, hakuna treni iliyopiga honi, umeme haukucheza. Kabula aliimba macho wazi, ananitazama mimi nyuma ya mtambo, na mwishoni wimbo ulipoishia alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyejishangaa. Nilikiacha kicheko kile kwenye tepu. Tukakaa sakafuni tukala wali na maharage kwenye sinia moja, na Fundi, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alisema: "Nyuki hajatoa asali kama hii." Halafu akanigeukia. "Kwenye santuri hii, Saidi, tutaandika na jina la mshika mtambo." Sikulala vizuri kwa furaha. Nilikuwa mtu mdogo wa kutaka jina lake liandikwe mahali.

Sasa lazima nieleze kabati, maana bila kabati hutanielewa. Tepu zilikuwa adimu, na sisi tulikuwa nazo tatu tu, magurudumu makubwa ya bati. Tepu ikienda Nairobi na kurudi, santuri zikiwa zimekwisha pigwa, tulirekodi wimbo mwingine juu yake. Maboksi yake yalikwisha liwa na mchwa, kwa hiyo hatukuwa na pa kuandika. Fundi aliweka sheria moja: tepu iliyorudi inakaa rafu ya chini, iko huru, tepu ambayo haijaenda inakaa rafu ya juu kabisa, kando ya Msahafu na sanduku la juzuu. Pale juu, alisema, hakuna mkono utakaofika ovyo. Na mimi nilikuwa na desturi yangu ya ziada: kabla ya kurekodi lolote, nilipiga mwanzo wa tepu nikasikiliza kilichomo. Hatukuwa na visikilizio vya masikio. Kilichopigwa mle chumbani kilisikika hadi uani.

Wiki ile ile mama yake Fundi alifariki, bibi wa miaka mingi aliyekaa chumba cha nyuma na kutuita sote "nyie wapiga makelele." Tepu ya Kabula ilikuwa bado inasubiri siku ya treni. Tulimzika Jumamosi. Siku ya tatu ikasomwa hitma pale nyumbani, na asubuhi yake Fundi akaniita pembeni, macho mekundu, akasema ana kaka yake Ujiji, amelala mgonjwa, ameshindwa kuja kumzika mama. "Nataka asikie dua. Urekodi, mwanangu." Niliingia chumbani. Bi Zuhura alikuwa amekwisha teremsha sanduku la juzuu, na wanaume walikuwa wanagawiwa. Rafu ya chini kulikuwa na tepu mbili. Ya tatu tulijua iko kwa mtu wa reli anairudisha. Nilipaswa kushangaa kwamba ni mbili, maana moja ilipaswa kuwa juu. Sikushangaa. Niliichukua iliyokuwa mbele, nikaivisha kwenye mtambo, na kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kupiga, kama desturi yangu. Nikakiondoa. Nyumba ilikuwa ya msiba. Wazee wamejaa kwenye mikeka, wanawake wako uani na majungu, marehemu hata wiki hajamaliza kaburini. Ningeanzaje kupiga gitaa mle ndani, hata kwa sekunde moja? Nikasema moyoni, si iko chini, iko huru. Nikabonyeza cha kurekodi.

Bi Zuhura ndiye aliyeihamisha. Nililijua hilo baadaye, bila kumwuliza, kwa neno alilolisema mwenyewe huku anapepeta mchele: kwamba alipoteremsha juzuu aliona tepu ya nyimbo imekaa sambamba na Msahafu, nyumba iko msibani, akaona haifai, akaishusha. Alifanya adabu. Na mimi nilifanya adabu. Watu wawili wenye adabu, kila mmoja kwa wakati wake, na kazi ikaharibika vizuri kabisa. Nimemfikiria sana yule mama, na simlaumu kwa lolote. Kosa la kufuta ningeweza kuishi nalo. Lililofuata ndilo langu peke yangu.

Siku ya tano Fundi alinipa kaseti tupu, akataka nimnakilie kaka yake ile hitma. Niliipiga tepu tangu mwanzo. Sauti za wazee, dua, amina zikirudiana. Dua ilikwisha, nikawa nimeinama natafuta kalamu ya kuandikia kaseti, tepu inazunguka. Ndipo akatoka Kabula. Ulikuwa mwisho wa wimbo, hatua chache za besi, mstari wa mwisho, halafu kile kicheko. Bi Zuhura akaita kutoka ukumbini: "Saidi! Zima hiyo, mwanangu, msiba haujaisha!" Nikazima. Nilikaa pale sakafuni. Nilijua kila kitu kwa mara moja, bila hata kupanda kutazama rafu ya juu. Hata hivyo nilipanda. Ilikuwa tupu.

Ningesema siku ile, wapigaji wote walikuwepo. Alhamisi ingefuata, jirani angepelekewa mlenda wake, tungerekodi upya, labda isingekuwa sawa na ile, lakini ingekuwepo. Hili ndilo linaloninyima amani, kwamba dawa ilikuwa mlangoni. Lakini Fundi aliingia chumbani jioni ile, akakaa kwenye kigoda, akaomba nimpigie dua ya mama yake. Nikampigia, mkono uko tayari kwenye kitufe ili niizime kabla ya mwisho. Akalia. Akasema, "Tepu hii isiguswe tena mpaka nife." Ningemwambiaje wakati ule kwamba chini ya hitma ya mama yake kuna fanki, na kwamba wimbo alioungoja maisha yake yote haupo? Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Ukweli ni kwamba niliogopa kufukuzwa, na niliogopa zaidi aibu ya kuitwa mshika mtambo asiyesikiliza tepu. Siku ya treni ilipofika nilikwenda stesheni na kifurushi kama kawaida. Ndani yake nilitia ile tepu ya pili ya rafu ya chini, niliyokwisha ipitisha kwenye mtambo nikaifuta yote, haina hata pumzi ya mtu. Niliporudi Fundi aliniuliza, "Imeondoka?" Nikasema, "Imeondoka."

Barua za Nairobi nilizipokea mimi posta, na nilizisoma mimi, kwa sababu Fundi macho yake hayakupenda maandishi madogo. Wakaandika kwamba tepu haina kitu. Niliikunja barua ile nikaitia mfukoni. Kabula alikuwa anakuja kila Alhamisi kuulizia, na kila mara alileta kitu. Siku hiyo alileta michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa na karanga, ndani ya bakuli la hospitali. Tulikuwa tumekaa barazani, Fundi, yeye na mimi, mchana, mashine inanguruma.

"Kaka Saidi," akasema, "hao wa Nairobi bado tu?"

"Wamejibu."

Fundi akageuka. Sikuwa nimemwambia. Nikasema wameikataa, hawataipiga. Fundi akatukana, jambo ambalo hakulifanya kamwe tangu msiba. Kabula hakutukana. Aliweka bakuli chini taratibu.

"Wameikataa kwa nini? Mashine yenu ya kurekodia, au sauti yangu?"

Nimeliangalia swali hilo kwa miaka yote hii, kila upande. Aliniwekea njia mbili mbele yangu, na moja ilikuwa ya heshima. Ningesema mashine, na isingekuwa mbali sana na ukweli. Lakini mashine ilikuwa ni mimi. Fundi angesema leta tepu tuisikilize, tuone kasoro iko wapi, na mambo yote yangefunuka pale pale barazani. Nikasema, "Sauti. Wanasema ina mikwaruzo. Haifai kwa santuri." Alinitazama kidogo, kisha akacheka, lakini si kile kicheko cha kwenye tepu. Akasema, "Kwaya nayo ilisema hivyo hivyo. Basi ni kweli." Akatusukumia bakuli tule. Mimi nilikula ile michembe. Nakumbuka ilikuwa tamu na nilikula hadi ikaisha, kwa sababu mdomo uliojaa hauulizwi.

Mwezi uliofuata mpiga besi alihamishiwa Mpanda. Fundi alisema atarekodi wengine, akarekodi wawili, lakini alikuwa anafanya kama mtu anayemaliza sahani kwa adabu. Baadaye mpaka wa Kenya ukafungwa, tepu hazikwenda tena Nairobi wala masanduku hayakurudi, na Santuri za Nyuki zikafa bila kutangaziwa kifo. Fundi naye akafa akiamini kwamba watu wa Nairobi hawana masikio. Ile tepu ya hitma wanawe waliiweka wapi sijui. Nyumba ilibomolewa, pana duka la vifaa vya ujenzi sasa. Kabula aliolewa akarudi Lusu kulima. Nilikutana naye mara tatu au nne tu, mnadani Nzega, au pale Kitete akileta mgonjwa. Kila mara alinisalimia kwa furaha, "Mwangaluka, Saidi!", akaniulizia watoto. Kila mara nilijiambia leo namwambia. Halafu gari linaondoka, au mgonjwa anaitwa, au ninajiambia mtu mwenye amani usimvuruge.

Jumanne nilikaa chini ya turubai pamoja na wanaume wa Lusu. Kwaya ya kanisa iliimba kaburini, kijiji chote kikaitikia, isipokuwa wanawe. Walisimama mstari mmoja, watu wazima watano, midomo imefungwa. Nikadhani ni uchungu. Baadaye binti yake mkubwa, Veronika, mama wa miaka hamsini hivi, alikuja kunisalimia, akapiga goti kidogo, "Shikamoo baba. Wewe ndiye Saidi wa Gongoni?" Nikaitika. Akakaa. Nikamwambia kwaya imeimba vizuri. Akasema, "Sisi kwetu hatuimbi, baba. Mama alitukataza tangu wadogo. Alisema alipimwa sauti kwa mashine Tabora, ikaonekana ina kasoro, na kasoro kama hiyo inatembea kwenye damu. Hata watoto hakuwaimbia walale. Aliwapiga piga mgongoni tu. Mdogo wangu alitaka kujiunga na bendi ya shule, alimchapa." Alitabasamu kama watu wanavyotabasamu wakisimulia ukali wa wazazi. "Lakini wewe alikusifu sana. Alikuwa anasema, katika watu wa mjini ni Saidi peke yake aliyeniambia ukweli, wengine wote walinifurahisha."

Nikamwambia. Sijui nguvu ilitoka wapi. Labda ni kwa sababu alikuwa na macho ya mama yake. Nilimwambia yote, kabati, hitma, kifurushi, barua, swali la barazani na jibu langu. Nilimwambia kwamba mama yake ndiye aliyekuwa bora kuliko wote waliowahi kuingia mle chumbani, na kwamba ule mkwaruzo ndio uliokuwa wimbo wenyewe. Alisikiliza bila kunikatiza, anakunja na kukunjua pindo la khanga yake. Nilipomaliza nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna. Wewe tu. Nataka niwaambie na wenzako, mwanangu, nataka wajue mama yao alikuwa nani."

Akatazama upande walikokaa ndugu zake, karibu na jiko, wanamwaga maji ya kunawa.

"Hapana," akasema. "Usiwaambie. Wewe umeshazoea kuishi nalo, baba. Sisi ndio kwanza tungeanza leo."

Kisha akainuka, akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akaenda mwenyewe kuniletea sahani, akanimiminia maji mikononi. Nikanawa, nikala.